Seli zangu zina miaka 59

Binti alinikabidhi kijiti cha chuma chenye waya, akaniambia nikikamate kwa mkono wa kulia na nisitikisike. Kabla ya hapo alikuwa ameniuliza vitu vinne tu: jina, jinsia, uzito na umri. Miaka 47, nikamwambia. Akaandika kwenye laptopu, akabonyeza, na kwa dakika moja hivi kioo kikaonyesha mchoro wa mwili wa mtu ukipitiwa na mistari ya kijani kutoka utosini hadi nyayoni. Kisha printa ikaanza kutema karatasi. Ini, figo, "nishati ya moyo", madini, sumu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja uliopakwa wekundu: umri wa seli, miaka 59.

"Baba, seli zako zimekutangulia miaka kumi na miwili," alisema, kwa upole wa mtu anayeleta taarifa ya msiba. Halafu akavuta droo. Kopo la mwezi mmoja shilingi 180,000, na dozi kamili ni miezi mitatu.

Kampuni siitaji, kwa sababu meza za namna hiyo ni nyingi: ghorofa ya pili ya majengo ya maduka, kumbi za hoteli, hata nje ya kanisa watu wakitoka ibadani. Sikununua. Lakini nilipofika nyumbani nilizisoma zile karatasi mara mbili, na mtu aliyedharau kitu hakisomi mara mbili. Swali lililonipeleka pale ni swali halali kabisa: seli zinazeeka vipi, na je, mtu anaweza kuzichelewesha kwa anachokula na anavyoishi?

Jibu langu naliweka mezani mapema. Inawezekana, kwa kiasi kidogo kuliko matangazo yanavyodai, na kwa njia isiyofanana na inayouzwa kwenye kopo. Na kwa mtu aliyekulia huku kwetu, orodha ya vinavyozeesha seli haianzi na kukosa kidonge.

Kwa muda mrefu wanasayansi wenyewe hawakuamini kwamba seli inazeeka. Mwaka 1912 Alexis Carrel, daktari Mfaransa aliyekuwa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, alianza kulea kwenye chupa seli za moyo wa kifaranga ambaye hajaanguliwa. Zililelewa hadi 1946, miaka miwili baada ya Carrel mwenyewe kufariki. Hakuna kuku anayefika huko. Dunia ikakubali kwamba seli ikilishwa vizuri haina mwisho, na kwamba kinachochoka ni mwili. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba ule mchuzi wa vijusi vya kuku waliokuwa wakizilisha nao ulikuwa unaingiza seli changa ndani ya chupa kila mara. Lishe iliyowapa seli uzima wa milele ilikuwa inaleta seli nyingine kimyakimya. Nikisoma lebo za makopo huwa namkumbuka Carrel.

Aliyevunja imani hiyo ni Leonard Hayflick, akiwa na mwenzake Paul Moorhead kwenye Taasisi ya Wistar, Philadelphia, mwaka 1961. Waliona seli za kawaida za binadamu zikigawanyika mara 50 hivi, kisha zikasimama. Labda chupa zilikuwa na uchafu? Labda chakula kibovu? Walifanya jaribio ambalo mpaka leo nalipenda kwa urahisi wake. Walichukua seli za mwanaume zilizokwisha kugawanyika mara 40, wakazichanganya na seli za mwanamke zilizogawanyika mara 10 tu, chupa moja, chakula kimoja. Baada ya muda wakaangalia kilichobaki. Zote zilikuwa za mwanamke. Kama tatizo lingekuwa chakula au uchafu, lingezipata zote sawa. Maana yake seli ilikuwa na hesabu yake yenyewe, mahali fulani ndani.

Mahali hapo ni pindo.

Chukua kanga. Doti inauzwa ikiwa kitambaa kimoja. Unaikata katikati, unapeleka kwa fundi akunje ukingo. Asiyeikunja, kila akifua ule ukingo unatoa nyuzi. Mwanzoni haijalishi, kwa sababu kinacholiwa ni pindo, na pindo halina ujumbe. Linalinda mji wa kanga na jina lake. Siku ufumukaji ukifika kwenye jina, herufi zinaanza kupotea na kanga inageuka kitambaa cha kufutia meza.

Kila kromosomu, ule uzi wa urithi ndani ya seli, ina pindo la namna hiyo kila upande. Linaitwa telomea: herufi sita zilezile za kikemia, TTAGGG, zimerudiwa maelfu ya mara, bila ujumbe wowote. Seli inapogawanyika, mtambo wa kunakili hauwezi kufika ncha kabisa, hivyo kipande kidogo kinabaki bila kunakiliwa. Kwenye chembe nyeupe za damu za mtu mzima, upotevu ni kama herufi 20 hadi 40 kwa mwaka. Pindo likiisha kupita kiasi, seli inakataa kugawanyika tena. Ndiyo ile hesabu ya Hayflick.

Fundi wa kushona upya pindo yupo. Carol Greider, akiwa mwanafunzi wa Elizabeth Blackburn kule California, alimwona kwa mara ya kwanza siku ya Krismasi ya 1984, kwenye kiumbe cha seli moja kinachoishi madimbwini. Ni kimeng'enya, kinaitwa telomerasi, na mwaka 2009 wawili hao pamoja na Jack Szostak wakapewa Nobel kwa kufumbua siri ya telomea. Tangu hapo neno hilo halijakauka kwenye midomo ya wauzaji. Mfamasia wa zamani aliuza nguvu za kiume. Wa leo anauza telomea ndefu.

Sasa hapa ndipo biashara inapokwenda kombo. Katika seli nyingi za mwili, fundi yule amefungiwa nje kwa makusudi. Anafanya kazi kwenye seli za uzazi, kwenye seli mama chache zinazozaa nyingine, kidogo kwenye chembe nyeupe za damu, na mahali pengine pabaya: takriban saratani tisa kati ya kumi zimemrudisha kazini. Seli isiyoishiwa pindo haina breki. Mwaka 2017, uchambuzi mkubwa uliotumia jeni za urithi ulionyesha kuwa watu waliozaliwa na mwelekeo wa telomea ndefu wana hatari ndogo ya maradhi ya mishipa ya moyo, lakini hatari kubwa zaidi ya saratani za aina kadhaa. Mwaka 2023 watafiti wa Johns Hopkins wakaeleza habari za watu wenye kasoro ya jeni iitwayo POT1, ambao telomea zao ni ndefu kupita kawaida. Hawakuwa vijana wa milele. Walikuwa na vivimbe, vingine vya kawaida na vingine vya saratani.

Kwa hiyo mtu akiniambia kopo lake linarefusha telomea, simuulizi kama ni kweli. Naomba isiwe kweli.

Halafu kuna jambo ambalo nilitegemea lizungumzwe zaidi huku kwetu. Watu wenye asili ya Afrika wana telomea ndefu kwa wastani kuliko Wazungu. Hilo limepimwa mara nyingi. Tunazaliwa na pindo pana. Lakini Mswidi anaishi miaka mingi kuliko Mtanzania. Kama upana wa pindo ungekuwa hati ya maisha marefu, mambo yangekuwa kinyume. Kanga haiharibiwi na upana wa pindo peke yake. Kuna inafuliwa mara ngapi, kwa sabuni gani, na kama inapigwa kwenye jiwe.

Swali la lishe na mwenendo nalitazama kwa jicho hilo hilo la kufua, maana kitambaa tumekwisha kupewa.

Seli iliyosimama, kwanza, haiondoki. Ni kama mstaafu aliyekataa kurudisha funguo za ofisi: kazi hafanyi, ila kila siku anaandika barua za malalamiko na kuwavuruga walio kazini. Judith Campisi na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba seli hizo humwaga kemikali zinazowasha moto kwa majirani. Mwaka 2011 watafiti wa Mayo Clinic waliziondoa kwa panya waliotengenezwa kuzeeka haraka, na maradhi ya uzee yakachelewa. Moto huu wa kichinichini, yaani kinga ya mwili kuwaka bila homa wala jipu, ndio Claudio Franceschi wa Italia aliupa jina mwaka 2000 akisema uzee na kuwaka kwa mwili vinakwenda pamoja. Una mzunguko mbaya: moto unachosha seli, seli zilizochoka zinaongeza moto. Na moto, tofauti na telomea, unapimika kwa urahisi ndani ya majuma, na unajibu chakula.

Ushahidi mzuri wa hilo haukutoka California. Umetoka Moshi.

Watafiti wa hospitali ya KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, akiwemo Quirijn de Mast, walianza kwa kulinganisha Watanzania 323 wenye afya, wa mjini na wa vijijini mkoani Kilimanjaro. Matokeo yalitoka 2021: damu za watu wa mjini zilikuwa na dalili zaidi za ule moto, na sehemu kubwa ya tofauti ilielekea kwenye chakula. Lakini mtu wa mjini anatofautiana na wa kijijini kwa mengi: usingizi, moshi wa magari, kukaa kwenye kiti, madeni. Ukitaka kujua kama ni chakula, badilisha chakula tu.

Wakabadilisha. Matokeo yakachapishwa Aprili 2025. Wanaume 77, vijana, wenye afya. Kundi moja la vijijini, waliozoea ndizi, maharage, mboga za majani, magimbi, mihogo, ulezi na mtama, walilishwa kwa wiki mbili chakula cha mtindo wa Kimagharibi: vya kukaanga, vya ngano nyeupe, vilivyosindikwa. Kundi la mjini lililozoea hivyo likarudishwa kwenye chakula cha asili kwa muda huo huo. Kundi la tatu lilikunywa mbege kila siku kwa wiki moja. Ndiyo, mbege, ile ya ndizi na kimea cha ulezi. Na wachache wakabaki na chakula chao cha kawaida kwa ajili ya kulinganisha.

Wiki mbili. Protini za kuashiria moto zilipanda kwa waliotoka kijijini kwenda kwenye chipsi, na chembe za kinga zao zikawa dhaifu zaidi zilipokutanishwa na vimelea. Kwa waliorudi kwenye chakula cha asili, moto ulishuka. Na kwa wanywaji wa mbege pia. Wiki nne baada ya jaribio kwisha, baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana.

Nimeshaona picha za utafiti huu zikisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp na maneno "Wachaga walijua siri ya kutozeeka". Tuwe waungwana. Utafiti ulikuwa wa wanaume tu, vijana tu, na haukupima telomea wala umri wa seli wa mtu yeyote. Ulipima moto. Kutoka kwenye moto wa wiki mbili hadi uzee wa miaka arobaini kuna safari, na hatua zake zote hazijapimwa kwa watu wale wale. Mbege nayo ina pombe. Aliyekunywa kwa wiki moja mbele ya watafiti si sawa na anayeamkia kilabuni kila siku tangu ujana.

Hata hivyo, kama ningelazimika kuchagua ushahidi mmoja wa kumwonyesha ndugu yangu anayeuliza kuhusu chakula na uzee, ningechagua huu. Ulibadilisha kitu kimoja, uliangalia pande zote mbili, na chakula kilichotumika kinapatikana sokoni bila kupitia kwa wakala. Unakwenda pia sambamba na jambo lililochapishwa 2025 kuhusu Watsimane wa misitu ya Bolivia na Orang Asli wa Malaysia: kwao ule moto haukuonekana kupanda pamoja na umri kama unavyopanda Italia na Singapore. Maana yake si lazima mtu azeeke akiwaka.

Na tusigeuze kijiji kuwa pepo. Bibi anayekula magimbi na mchicha anapika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, na moshi ule hauna huruma na seli za mapafu.

Nije kwenye lile linaloniudhi.

Nilikulia Ifakara, bonde la Kilombero, miaka ya themanini. Malaria ya utotoni sikuwahi kuihesabu; ilikuwa kama mvua, unajua itakuja. Ninachokumbuka ni klorokwini, ule uchungu unaobaki kooni hata baada ya sukari, na usiku unaofuata, mwili mzima unawasha kwa ndani, mahali ambapo kucha hazifiki. Mama alikuwa anatukuna kwa gunzi la mahindi. Asubuhi unaamka mwepesi, unaenda shule, na kila mtu anasema umepona.

Mwaka 2015 watafiti wa Lund, Sweden, walichapisha habari za ndege mdogo wa kwenye matete ambaye huzaliana Kvismaren, huko huko Sweden, wakati wa kiangazi cha kwao na kuja kukaa Afrika, kusini mwa Sahara, wakati wa baridi. Wengi hurudi na malaria ya ndege, aina isiyotuambukiza sisi. Ukiwatazama, wagonjwa na wazima huwezi kuwatofautisha: wanaimba, wanajenga, wanataga. Lakini waliobeba vimelea kwa muda mrefu telomea zao zilifupika haraka zaidi, na waliishi maisha mafupi zaidi. Gharama ilikuwa inakatwa ndogo ndogo, kama makato ya mshahara ambao husomi hati yake.

Mwaka 2018 kundi la Karolinska, Stockholm, likafuatilia wasafiri waliotibiwa malaria baada ya kurudi nyumbani. Telomea za chembe zao za damu zilifupika katika miezi ya mwanzo, kisha ndani ya mwaka zikarejea. Habari njema, kwa mtu aliyeumwa mara moja na kurudi Stockholm. Je, anayeumwa tena kabla ya mwaka kwisha? Mwaka 2024 kundi la Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilitoa vipimo vya watu wazima zaidi ya 1,800 wa Tanzania, Botswana, Ethiopia na Cameroon. Karibu nusu ya tofauti za telomea baina ya watu ilitokana na urithi. Na mahali ambapo malaria ya falciparum, ile kali, ni nyingi zaidi, telomea zilikuwa fupi zaidi.

Huko ndiko kufua kwenyewe. Kila homa inalazimisha chembe nyeupe kugawanyika kwa mamilioni ili kupambana, na kila mgawanyiko unakula pindo. Kwa hiyo chandarua ni kifaa cha kuchelewesha uzee wa seli, tena chenye ushahidi kuliko vingi vilivyo kwenye droo ya yule binti. Kufukia madimbwi nako. Kumaliza dozi nako. Lakini sijawahi kuona semina ya "rudisha ujana" yenye chandarua mezani. Hakina kamisheni.

Kuna pia mzigo ambao si wa chakula wala mbu. Mwaka 2004 Elissa Epel na Blackburn walipima akina mama wanaolea watoto wenye maradhi ya muda mrefu. Waliosema wanaelemewa zaidi walikuwa na telomea fupi zaidi, na kadiri miaka ya kulea ilivyokuwa mingi ndivyo pindo lilivyopungua. Dada yangu ana mtoto mwenye selimundu. Analala amekaa, mkono mmoja kwenye paji la uso la mtoto, ndoo ya maji karibu. Ukimwambia apunguze msongo wa mawazo atakuuliza, kwa adabu, nani atakaa na mtoto. Nadhani hapo "mtindo wa maisha" unaacha kuwa jambo la mtu mmoja. Shangazi akija kulala pale siku mbili kwa juma, huo nao ni mtindo wa maisha.

Mazoezi yana ushahidi usio haba. Watafiti wa Leipzig walionyesha mwaka 2019 kwamba watu waliokuwa hawafanyi mazoezi, wakikimbia dakika 45 mara tatu kwa wiki kwa miezi sita, telomerasi kwenye chembe zao nyeupe iliongezeka. Kwa waliobeba vyuma, haikubadilika. Sisemi watu waache vyuma, vina kazi yake kwenye misuli. Nasema tu kwamba barabara ni bure.

Funga na kupunguza chakula ni hadithi ndefu iliyoanzia kwa panya wa Clive McCay, Chuo Kikuu cha Cornell, mwaka 1935: waliolishwa kidogo waliishi zaidi. Kwa nyani mambo yakakorogeka. Wale wa Wisconsin walinufaika, matokeo ya 2009. Wale wa taasisi ya serikali ya Marekani hawakuishi zaidi, matokeo ya 2012. Watu walipochungulia sahani, walikuta chakula cha Wisconsin kilikuwa na sukari zaidi ya robo ya uzito wake, na cha wengine kilikuwa na kiasi kidogo mno. Kwa maneno mengine, ukimpunguzia nyani chakula kibaya anafaidika sana. Ukimpunguzia chakula kizuri, faida inabaki ndogo. Kwa binadamu, jaribio la Marekani liliwaomba watu wapunguze kalori kwa asilimia 25 kwa miaka miwili. Waliweza asilimia 12 hivi. Kipimo kimoja cha kasi ya kuzeeka, kilichochapishwa 2023, kilishuka kwa asilimia 2 hadi 3. Vipimo vingine havikusogea. Na telomea? Mwaka wa kwanza zilifupika haraka zaidi kwa waliojinyima, wa pili polepole zaidi, mwishoni wakafanana.

Wanaouliza kuhusu Ramadhani nawajibu hivi: anayefunga mchana kisha akafuturu kwa tambi za sukari, kaimati, viazi vya nazi na sharubati jagi zima hajapunguza kalori, amezihamishia usiku. Thawabu ni hesabu nyingine, siiingilii.

Vidonge nitavipitia haraka, maana vyenyewe vinapingana. Mwaka 2025 jaribio kubwa la Marekani liliripoti kuwa vitamini D kila siku kwa miaka minne ilipunguza ufupikaji wa telomea kwa kiasi cha karibu miaka mitatu ya kuzeeka, huku mafuta ya samaki yakiwa hayana athari. Mwaka huo huo jaribio la wazee 777 wa Uswisi, lililotumia saa nyingine ya kibiolojia inayosoma alama juu ya DNA, likasema mafuta ya samaki yalichelewesha uzee kwa miezi mitatu hadi minne ndani ya miaka mitatu, na vitamini D peke yake haikufanya la maana. Wote wanaweza kuwa sahihi. Wamepima vitu viwili tofauti na kuviita jina moja. Ndiyo sababu nasita mtu anaponipa namba moja akisema ni umri wa seli zangu. Na kwa anayefikiri kidonge kisipofaa hakidhuru: mwaka 1994 wavutaji sigara zaidi ya 29,000 wa Finland walikuwa wamegawiwa, baadhi yao, beta-karotini kama kinga. Waliokunywa walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Rangi ile ile ndani ya karoti haijamfanyia mtu hivyo.

Utafiti unaopendwa sana kwenye vipeperushi ni wa Dean Ornish, 2013: lishe ya mimea, kutembea, kutafakari, kukutana na wenzako, na telomea zikaongezeka kama asilimia 10 ndani ya miaka mitano. Ninaupenda kwa sababu hakuna kopo ndani yake. Ila waliobadilisha maisha walikuwa wanaume 10. Kumi. Daladala ikiwa na abiria kumi konda anasema iko tupu.

Wiki tatu baadaye nilirudi kwenye ile meza. Binti wa kwanza hakuwepo, alikuwepo mwingine. Mambo manne yale yale: jina, jinsia, uzito, umri. Uzito nilitaja ule ule wa mwanzo, kilo 84. Umri nikasema 35. Aliniangalia kidogo kwenye mvi za pembeni, akaandika. Nikakamata kijiti. Mistari ya kijani ikapita.

"Kaka, wewe uko vizuri," alisema, akigeuza kioo nione. Umri wa seli, miaka 37. "Hapa tunafanya tu ya kulinda. Lakini chochote unachokula asubuhi, usikiache."

Nilikuwa nimekula chipsi mayai na soda.